Usiniambie kasi, niambie fundi atafika lini

Mawakala wa intaneti wamejaa Eldoret. Pita Kapsoya, Annex au Kimumu jioni na hutakosa kijana mwenye fulana ya kampuni na rundo la karatasi, akikuuliza kama uko na waifai kwa nyumba. Wimbo wake ni mmoja: Mbps. Kumi na tano, thelathini, themanini. Hapo ndipo tunachezwa.

Sidharau kasi. Septemba 2024 Safaricom iliongeza kasi ya faiba ya nyumbani bila kupandisha bei: kifurushi cha Sh2,999 kikatoka Mbps 10 hadi 15, na cha Sh4,100 kikatoka 20 hadi 30. Sidhani ilikuwa zawadi. Starlink ilikuwa imeingia nchini Julai 2023, na mwaka uliofuata ikaanza kukodisha vifaa vyake kwa Sh1,950 kwa mwezi. Kampuni zikishindana, mteja anapumua.

Lakini piga hesabu. Hizo ni megabiti, si megabaiti, kwa hivyo gawanya kwa nane. Mbps 15 ni chini kidogo ya megabaiti 2 kwa sekunde. Faili la GB 1 linashuka kwa kama dakika tisa. Mkutano wa Zoom hauli hata Mbps 5. Kwa kijana anayeishi peke yake kwenye bedsita, akifanya kazi za mtandaoni na kutazama filamu usiku, hiyo inatosha kabisa. Ukipandishwa kutoka 15 hadi 30 huenda usigundue. Laini ikikatika utagundua dakika hiyo hiyo.

Na hukatika. Watu wanachimba mtaro wa maji, lori linavuta waya uliolegea kwenye mlingoti, stima inapotea na ruta inazima. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari na intaneti ikazorota Afrika Mashariki nzima. Hiyo siwezi kumlaumu fundi wa Eldoret. Waya uliokatika hapo nje ya geti ni kesi nyingine.

Mwaka jana laini ya ploti yetu ilikatika Ijumaa. Kampuni, ambayo sitaitaja, ilitutumia ujumbe wa "tunashughulikia" hadi Jumanne. Jirani yangu anayeandikia wateja wa ng'ambo alipoteza kazi mbili wikendi hiyo, na mteja mmoja hakurudi tena. Mwisho wa mwezi bili ikaja nzima, bila kupunguzwa hata shilingi. Kwa kifurushi cha Sh2,999, siku nne ni karibu Sh400. Hiyo ni unga na mboga.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya huduma bora kiasi cha kuridhisha, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro za huduma. Kwa hivyo laini ikilala, dai nambari ya malalamiko na uihifadhi. Kampuni ikikupuuza, peleka kesi kwa Mamlaka ya Mawasiliano, CA. Kulia kwenye X pekee hakutoshi, ingawa wakati mwingine huko ndiko hujibiwa haraka.

Kuna wanaosema suluhisho ni setilaiti. Kweli, hakuna anayechimba mtaro angani. Lakini kifaa kinataka anga wazi na ruhusa ya landilodi kupanda paa, na Novemba 2024 Starlink ilisitisha kusajili wateja wapya Nairobi na viunga vyake kwa kuwa mtandao ulikuwa umejaa. Halafu kuna fleti ambazo keateka ameshaamua ni kampuni gani itapitisha waya. Huko hata hakuna cha kulinganisha.

Basi kabla hujalipia, bisha mlango wa jirani umuulize: mara ya mwisho ilipokatika, fundi alikuja baada ya siku ngapi? Mwulize pia saa mbili usiku hali huwaje. Wakala naye mwulize kama siku bila intaneti zinakatwa kwenye bili. Mimi nimeuliza watatu. Wote walinirudisha kwa Mbps.