Vikundi Visivyotarajiwa Katika Kompyuta ya Nyumbani

Katika nyumba nyingi kompyuta huwa ni moja na watumiaji huwa wengi. Mama hutunza humo hesabu za duka, baba huandika barua zake, na watoto hufanya kazi za shule. Basi inapotokea kwamba mmoja wao amefungua orodha ya watumiaji, akakuta humo majina ambayo hakuna mtu wa nyumba hiyo aliyeyaandika, shaka huzuka upesi. Kijana aliyeshika kompyuta jana jioni hushukiwa; fundi aliyeitengeneza mwezi uliopita hulaumiwa; na pengine husemwa kwamba mwizi amekwisha kuingia. Yafaa jambo hili lielezwe vizuri, kwa sababu mara nyingi aliyeyaweka majina hayo si mwizi wala mtoto, bali ni ile programu ya kukinga virusi ambayo mwenye nyumba aliiweka kwa mkono wake mwenyewe.

KIKUNDI NI NINI

Kompyuta yenye Windows humpa mtu ruhusa kwa kufuata jina aliloingia nalo na vikundi alivyomo. Kikundi ni orodha ya watumiaji waliopewa ruhusa za namna moja. Wasimamizi waweza kuweka na kuondoa programu na kugusa faili za mfumo. Watumiaji wa kawaida hawawezi. Utaratibu huu ulitoka maofisini. Windows NT, iliyotolewa mwaka 1993, ilikuwa nao tangu mwanzo, ambapo Windows 95 na Windows 98, zilizoenea majumbani, hazikuwa na mipaka ya namna hiyo. Ulifika majumbani kwa wingi mwaka 2001 pamoja na Windows XP, iliyojengwa juu ya msingi wa NT. Tangu hapo kompyuta ya sebuleni imekuwa na vyeo kama ofisi, ingawa wengi wa wanaoitumia hawakuambiwa.

KWA NINI MLINZI HUUNDA VIKUNDI

Programu ya kukinga virusi hukabidhiwa madaraka makubwa. Huchungulia kila faili, huzuia programu nyingine zisianze, na faili inayoshukiwa huiweka karantini. Kwa hiyo hapana budi pawe na mpaka kuhusu nani aweza kuiamuru. Kama kila anayeketi mbele ya kompyuta angeweza kuizima, ulinzi ungekuwa bure, kwani hata kirusi kinachoendeshwa kwa jina la mtu huyo kingeweza kuizima vilevile.

Mfano mmoja ni ule wa Sophos, kampuni ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1985. Programu yake ya maofisini, ilipowekwa katika Windows, iliunda vikundi vyenye majina SophosUser, SophosPowerUser na SophosAdministrator. Aliyekuwa katika kikundi cha kwanza aliweza kuchunguza faili na kushughulikia karantini kwa kiasi tu; wa pili aliongezewa madaraka juu ya karantini; wa tatu aliweza kubadili mipango yote. Katika ofisi yenye kompyuta mia, mpango huo una maana. Lakini vyuo vikuu vingi vya Uingereza na Marekani viliwaruhusu wanafunzi na wafanyakazi wao waiweke programu hiyo nyumbani, na kwa njia hiyo vyeo vya ofisi vikaingia hata katika vyumba vya kulala. Mtu aliyeishi peke yake alijikuta ana ngazi tatu za madaraka, na wa kuzipanda ni yeye mmoja.

Sophos haikuwa peke yake. Katika mifumo ya Debian na Ubuntu, programu iitwayo ClamAV huunda mtumiaji na kikundi chenye jina clamav. Sababu yake ni ya busara: kazi ya programu hiyo ni kufungua faili za kigeni, na iwapo faili mbaya itapata tundu la kupenya, yafaa ikute ruhusa chache badala ya madaraka ya mkuu wa mfumo. Katika kompyuta za Apple, jina _clamav limekuwamo katika orodha ya watumiaji wa ndani hata pale ambapo mwenyewe hakuweka programu hiyo kamwe. Nayo Windows 10, tangu toleo la mwaka 2017, ilileta mtumiaji aitwaye WDAGUtilityAccount, aliyewekwa kwa ajili ya chombo kimoja cha ulinzi cha Microsoft. Kwa kawaida mtumiaji huyo huwa amezimwa, lakini jina lake limewatia hofu watu wengi.

HASARA YA KUFUTA KWA HARAKA

Mwenye hofu hutaka kufuta. Hapo ndipo madhara yaanzapo. Windows haishiki kikundi kwa jina lake bali kwa nambari ndefu iliyopewa siku kilipoundwa, na ruhusa za faili huandikwa kwa nambari hiyo. Kikundi kikifutwa, kisha kikaundwa kingine chenye jina lilelile, nambari huwa mpya, na ruhusa za zamani hazirudi. Programu ya ulinzi yaweza kukataa amri za mwenyewe, na njia ya kuirekebisha mara nyingi ni kuiondoa yote na kuiweka upya. Haraka yake humgharimu siku nzima, na katika muda huo kompyuta hukaa bila mlinzi.

Hasara nyingine ni kubwa zaidi. Wako matapeli ambao kazi yao ni kupiga simu majumbani wakijidai ni mafundi wa kampuni kubwa. Humwelekeza mtu afungue kumbukumbu za kawaida za kompyuta yake, humwonyesha maandishi asiyoyaelewa, kisha humwambia kwamba hizo ni dalili za virusi na kwamba alipe. Mwezi Oktoba 2012 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya makundi kadhaa ya watu wa namna hiyo. Silaha yao ni ugeni wa mtu katika kompyuta yake mwenyewe. Asiyejua kwamba majina mageni yaweza kuwamo kwa halali, hutoa fedha na neno lake la siri kwa mgeni wa kweli.

NAMNA YA KUCHUNGUZA

Hata hivyo isidhaniwe kwamba kila jina geni ni salama. Wezi nao huweza kuunda mtumiaji na kumwingiza katika kikundi cha wasimamizi. Kwa hiyo mwenye nyumba na achunguze kwa utaratibu. Kwanza, afungue dirisha la amri na kuandika "net localgroup". Vikundi vyote vitaorodheshwa, hata katika Windows ya nyumbani isiyo na chombo cha kuvisimamia. Pili, aandike "net localgroup Administrators" ili aone ni nani walio wasimamizi. Hapa ndipo pa kutazamwa kuliko pote. Tatu, alinganishe kila jina na programu zilizowekwa, akikumbuka kwamba programu iliyoondolewa yaweza kuacha kikundi chake nyuma.

Kikundi chenye jina la programu inayojulikana, na kisicho na mtu mgeni ndani yake, kiachwe kama kilivyo. Lakini mtumiaji asiyejulikana akionekana miongoni mwa wasimamizi, kompyuta na itengwe na intaneti, maneno ya siri yabadilishwe kwa kutumia chombo kingine, na aitwe fundi anayeaminika, aliyetafutwa na wenye nyumba wenyewe, wala si yule aliyepiga simu bila kuitwa.

Mwisho, kila mwenye nyumba na awape watoto majina ya kawaida ya kuingilia, cheo cha msimamizi akiweke kando, na atenge ukurasa mmoja katika daftari la nyumbani. Humo aandike jina la kila programu ya ulinzi, tarehe iliyowekwa, na vikundi vilivyoonekana baada yake. Siku jina geni litakapojitokeza, daftari litafunguliwa kabla ya mtoto kugombezwa.