Anayepiga Deki Ndiye Anayeijua Mashine

Nilipoacha chuo, nilipiga deki usiku kwenye godauni fulani hapa Nairobi. Mashine ya kusafisha sakafu tulikuwa nayo, lakini imelala stoo. Shida? Raba ya nyuma, ile inayokusanya maji machafu yafyonzwe tangini, ilikuwa imeisha. Supavaiza akasema spea inatoka ng'ambo. Basi, ndoo na mopu. Mgongo unaniuma hadi leo.

Manze, baadaye ndio nikajua raba nyingi za aina hiyo zina kingo nne. Mmoja ukiisha, unaigeuza tu. Hakuna aliyetuambia!

Sasa wewe unayedhani uvumbuzi ni wa mainjinia pekee, skiza. Sheria yetu ya mali ya viwandani ya 2001 hailindi hataza kubwa tu. Hata uboreshaji mdogo, mradi ni mpya na unatumika, unaweza kupewa cheti pale KIPI, ulindwe miaka 10. Saruji yetu yenye nyufa hutafuna raba vibaya. Fundi wa Kamukunji anaweza kukuundia kishikio kinachoruka ufa, lakini nani atamwambia ufa uko wapi? Wewe uliyesukuma hiyo mashine saa nane usiku. Mchoro uko wapi?