LAIVU IKIISHA, USHAHIDI UMEENDA WAPI?

Ndugu zangu, dada zangu, leo tuambiane ukweli hata kama utauma.

Siku hizi kila panapotokea dhulma, kitu cha kwanza kunyanyuliwa ni simu. Kijana anatolewa nyumbani usiku, mtu ako laivu. Vibanda vya kina mama vinabomolewa, laivu. Vitoza machozi vinarushwa uani kwa watu, laivu. Watazamaji mia tatu, mia tano, elfu mbili. Mioyo inapaa kwenye skrini, na maoni yanamiminika: "tuko pamoja", "sambazeni mpaka ifike". Halafu? Laivu imeisha, bando limeisha, kila mtu amelala. Miezi minne baadaye wakili anauliza, ile video iko wapi? Kila mmoja anamtazama mwenzake.

"Si iko Facebook?"

Haiko. Na hapa ndipo tunapojidanganya. Tangu tarehe 19 Februari 2025, laivu ya Facebook inakaa siku 30 tu, kisha inafutwa. Zamani ilikuwa inabaki pale mpaka mwenyewe aitoe. Sasa hivi hata kama hukuigusa, hukukosea, hukuripotiwa na mtu, mwezi ukipita imekwenda. Sababu waliyoitoa wenye kampuni ni kwamba watu wengi huitazama laivu katika wiki zake za mwanzo. Kwao ni sawa, wao wanauza matangazo. Lakini kwani hakimu naye hutazama wiki za mwanzo?

Hebu tupige hesabu ya mahakama zetu wenyewe. Mtoto wa miezi sita alipigwa ndani ya nyumba yao Kisumu mwezi wa Agosti 2017, katika msako wa polisi baada ya uchaguzi, akafa. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliidhinisha maafisa washtakiwe Oktoba 2022. Miaka mitano! Sasa weka siku 30 za Facebook kando ya miaka mitano ya kesi, uniambie ni nani atakayebaki na kitu mkononi. Aliyedhulumiwa atabaki na maneno yake, na aliyemdhulumu atabaki na wakili wake.

Kwa hivyo neno langu leo ni moja. Laivu ambayo hakuna aliyeirekodi si ushahidi, ni kelele. Itakupa hasira ya usiku mmoja, na kesho hakuna kitu.

Sisemi tusiende laivu. Laivu ina kazi yake, na kazi yake ni kubwa. Inaita majirani, inamfikia wakili, inamwambia anayedhulumu kwamba anaonekana. Na pale ambapo video imebaki, tumeona tofauti yake. Tarehe 17 Juni 2025, mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi ya kichwa katikati ya Nairobi, mchana, mbele ya kamera. Hapakuwa na nafasi ya kutuambia ati risasi ilipotea njia. Maafisa wawili wakakamatwa. Je, bila ile picha, leo tungekuwa tunabishana kuhusu nini?

Lakini laivu ni kitu dhaifu kuliko tunavyodhani, maana inategemea mtandao, na mtandao hauko mikononi mwetu. Tarehe 24 Juni 2024 tuliambiwa intaneti haitazimwa. Kesho yake, siku ile vijana waliingia Bunge, mtandao ukavurugika nchi nzima. Mwaka mmoja baadaye, 25 Juni 2025, Mamlaka ya Mawasiliano ikaamuru vituo vyote vya televisheni na redio viache kupeperusha maandamano moja kwa moja, na matangazo ya baadhi ya vituo yakakatwa. Mahakama Kuu ililisimamisha agizo hilo siku hiyo hiyo, lakini somo tumelipata. Anayetaka giza ataanza kwa kukata waya. Video iliyokuwa inapita kwenye ule waya peke yake, imekatwa pamoja nao.

Na hata mtandao ukiwepo, kuna mkono. Simu inanyakuliwa, inagongwa chini, au mwenye simu anapigiwa na "mkubwa fulani" aambiwe aifute ile kitu kabla hajapata shida. Anaifuta. Simlaumu, ana watoto. Namlaumu yule mtazamaji wa elfu mbili aliyekuwa amelala kitandani kwake salama salimini, simu mkononi, akipeleka mioyo, na hakubonyeza kitufe kimoja cha kurekodi skrini. Wewe ndiye uliyekuwa na nafasi. Anayepeperusha yuko ndani ya moshi, wewe uko nyumbani. Kazi ya kurekodi laivu ni ya anayetazama.

Na si kazi ngumu. iPhone zimekuwa na kitufe cha kurekodi skrini tangu iOS 11 ya mwaka 2017. Android nazo kuanzia toleo la 11, la mwaka 2020. Vuta kidole kutoka juu ya skrini, utaiona alama yake. Usipoiona, iongeze kwenye orodha ya vitufe. Kwenye Android angalia umechagua sauti ya simu yenyewe, maana wengi wamerekodi dakika 20 wakaishia na picha bubu. Zima arifa kwanza, usije ukapeleka mahakamani video ambayo juu yake kunapita ujumbe wa mke wako.

Nawe unayepeperusha, sema kwa mdomo wako tarehe, saa na mahali. "Leo ni Jumanne, saa nne na robo usiku, tuko hapa nyuma ya soko." Onyesha nambari ya gari. Onyesha jengo linalojulikana. Mara ngapi familia imeenda kituoni ikaambiwa "mtu huyo hatuna hapa"? Katiba, Kifungu cha 49, inasema aliyekamatwa afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa siku za mapumziko zikiingilia. Lakini saa 24 kutoka lini? Kitabu cha kituoni kinaweza kuandikwa kesho asubuhi. Video yenye saa na nambari ya gari ndiyo inayosema saa zilianza kuhesabika lini. Na simama mbali, usimzuie afisa kazi yake, usimpe sababu ya kukushika wewe.

Sasa, baada ya kurekodi ndipo wengi tunapoharibu. Mtu anaichukua ile video, anaweka nyimbo ya huzuni, anaandika maneno mekundu, anakata pale anapoona pamemchosha, kisha anaituma WhatsApp. WhatsApp inaibana, ubora unashuka, na taarifa zilizokuwa ndani ya faili hazifiki. Ile ya kwanza anaifuta kwa sababu simu imejaa. Ndugu yangu, umeua shahidi kwa mkono wako. Faili ya asili isiguswe. Iweke sehemu mbili, kwenye memori kadi na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ukimtumia wakili, itume kama dokumenti, si kama video ya kawaida. Ya kusambaza iwe nakala.

Tena kuna karatasi. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kifungu cha 106B, inataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kinachoeleza ulipatikana vipi na kwa kifaa gani, kikiwa na sahihi ya anayehusika. Kwa hivyo usiku huo huo, kabla hujalala, andika: nimerekodi mimi, kwa simu aina hii, saa hii, kutoka ukurasa huu. Klipu inayozunguka bila mwenyewe inaweza kutikisa mtandao wiki nzima, na korti ikaiweka kando kwa dakika moja.

Wako watakaosema, "Mnafundisha watu uchochezi." Hapana. Kifungu cha 33 cha Katiba kinampa kila mtu uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari. Afisa anayefanya kazi yake sawasawa, hii video ndiyo wakili wake, maana itamlinda na uongo wa wanaomsingizia. Anayeiogopa anajua anaogopea nini.

Lakini na sisi tuwe na mipaka. Tarehe 15 Machi 2019, muuaji alijipeperusha laivu akiingia misikitini Christchurch, New Zealand, siku ya Ijumaa. Watu 51 walikufa. Facebook ilisema iliondoa nakala milioni 1.5 za ile video katika saa 24 za kwanza. Laivu ilikuwa moja tu. Zile nakala zilipakiwa na watu, tena na tena, na wengine hawakuwa na nia mbaya, waliona tu lazima kila mtu aone. Wakamfanyia muuaji kazi aliyoitaka. Hivyo basi, hifadhi ni jambo moja na kusambaza ni jambo jingine. Maiti ya mtu, mama aliyevuliwa hijabu kwenye vurugu, mtoto anayelia, hao si wa kuzungushwa kwenye magrupu. Rekodi, weka, mpe wakili au IPOA, halafu ufunge mdomo.

Kwa hiyo leo kabla hujatoka hapa, ifungue simu yako, utafute hicho kitufe, ujaribu kurekodi dakika moja, usikilize kama sauti imeingia. Mwonyeshe mama. Mwonyeshe wa bodaboda hapo stejini. Kila mtaa uwe na watu watatu wanaojua kwamba laivu ikianza, wao wanarekodi, hata kama hakuna aliyewaambia.

Mioyo tumepeleka ya kutosha. Sasa tuhifadhi.