Madume Hupigania Nini?

Nani kati yenu hajapata kuona majogoo wawili wakipigana uani? Vichwa chini, manyoya ya shingo yamesimama, mara hao wamerukiana, mpaka mmoja akimbilie nyuma ya jiko. Na matetea, ambao ndio sababu ya ugomvi wenyewe, waendelea kupekua mchanga kana kwamba hakuna neno.

Watoto hucheka. Lakini wako na wazee wasemao, kijana wao akimpasua mwenzake kichwa kule mwaloni: "Mwacheni, ndivyo dume alivyo." Je, ni kweli? Haya, tuwaulize madume wenyewe. Hatuna haja ya kwenda mbali, maana huku kwetu Kigoma walimu wako tele, ziwani na porini.

Kwanza hesabu. Sokwemtu jike wa Gombe huchukua mimba karibu miezi minane, kisha humlea mtoto na kumnyonyesha miaka minne au zaidi. Kwa hiyo huzaa mara moja tu kwa miaka mitano au sita, na siku ambazo aweza kushika mimba ni chache sana. Dume hana mzigo huo. Yeye aweza kupata watoto kwa majike wengi. Basi madume wengi wangojea siku chache za majike wachache: hapo ndipo ugomvi uzaliwapo. Mshindi huacha watoto wengi wenye kurithi nguvu zake. Mshindwa huenda asiache hata mmoja. Lakini jike hapati watoto wengi zaidi kwa kuwa na madume wengi. Yeye ataka mahali penye chakula, na usalama wa kulea.

Msidhani basi kwamba majike ni malaika. Mwaka 1975 na 1976 jike mmoja wa Gombe aitwaye Passion, pamoja na binti yake Pom, waliwanyang'anya mama wengine watoto wachanga na kuwala.

Tena, si kila mahali dume ni mkubwa. Tazameni ziwa letu la Tanganyika. Yuko samaki mmoja, wataalamu humwita Lamprologus callipterus, ambaye jike wake hutaga mayai ndani ya gamba tupu la konokono. Dume huyabeba magamba hayo kwa kinywa, akayakusanya mahali pamoja. Hata kumwibia jirani humwibia. Jike hana budi kuwa mdogo ili aingie, na dume hana budi kuwa mkubwa ili abebe. Kumbe uzito wa dume mmoja ni kama wa majike kumi na wawili! Lakini katika ziwa hilohilo yuko Julidochromis marlieri, ambaye jike ndiye mkubwa na ndiye mkali wa kuwafukuza wageni, naye dume hushinda zaidi nyumbani akilinda mayai. Kazi ikigeuka, na ukali hugeuka.

Sasa twende Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma. Huko Bibi Jane Goodall, Mwingereza aliyefariki mwaka 2025, alianza kuwachunguza sokwemtu mwezi wa Julai 1960. Aliona kwamba mkubwa wa kundi si lazima awe mwenye misuli kuliko wote. Mwaka 1964 mkubwa alikuwa Goliath. Mike alikuwa mnyonge, hana cheo. Siku moja akaokota madebe matupu ya mafuta ya taa kambini, akayavurumisha mbele yake huku akiwakimbilia wenzake. Kelele ile! Wakubwa wakatawanyika, kisha wakarudi mmoja mmoja kumnyenyekea. Debe tupu haliachi kutika, lakini Mike alilipatia kazi: alitwaa ukubwa kwa kelele, si kwa meno.

Baadaye, mwaka 1973, Figan alipata ukubwa kwa msaada wa ndugu yake Faben, ambaye mkono wake mmoja ulikuwa umepooza kwa ugonjwa wa polio. Faben alipotoweka mwaka 1975, Figan akatetereka. Waona, msomaji? Hata nguvu za dume zilikuwa za ndugu wawili.

Lakini yako na ya huzuni. Kundi lile liligawanyika, na tangu 1974 madume wa Kasakela wakaanza kuwavizia wenzao wa Kahama mmoja mmoja. Goliath, sasa mzee, alikuwa upande wa Kahama. Mwaka 1975 waliokuwa wakila naye zamani walimpiga hata kumwua. Ilipofika 1978 kundi la Kahama lilikuwa limekwisha kabisa. Washindi walipata nini? Walipata nchi ya wenzao kwa kitambo kidogo tu, kisha kundi lenye nguvu la kusini, la Kalande, likawasukuma na kuwarudisha nyuma.

Basi yule mzee wa mwaloni tumjibuje? Tumwambie: kweli, dume hupigana, lakini hupigana kwa sababu, na mara nyingi mwenye akili huzuia vita kabla havijaanza. Tena kuna jambo moja ambalo sokwemtu dume halifanyi kamwe: hatoki asubuhi kumtafutia mtoto wake chakula akamletea jioni. Kazi yote ya kulisha ameiacha kwa mama. Wewe baba, unayekesha ziwani na dagaa ili mtoto apate unga na daftari, umekwisha kuiacha njia yake. Kwa nini basi umfundishe mwanao kuirudia? Akija nyumbani na damu ya mwenzake mkononi, usimsifu. Mwulize alichopigania, kisha mwende pamoja kwa jirani mkaombe radhi.