Dereva wa basi na bima ya gari lake mwenyewe

Miongoni mwa waumini wa misikiti yetu wamo madereva wengi wa daladala na wa mabasi ya mikoani. Hutoka majumbani kabla ya Alfajiri na kurejea baada ya Isha, na muda wote huo wamebeba amana ya roho za watu. Baadhi yao, kwa kudunduliza, Mwenyezi Mungu amewajaalia kununua gari dogo la familia: la kumpeleka mama hospitali, watoto madrasa na mke sokoni. Makala ya leo ni yao pamoja na wake zao, kwani jambo lenyewe likiharibika, hasara yake haiishii kwa dereva.

Wapo wanaodhani kwamba, maadamu basi wanaloliendesha lina bima, wao wenyewe wamekingwa popote waendeshapo. Sivyo. Bima ya basi imefungamana na basi hilo na mmiliki wake. Dereva akishuka humo na kuketi katika gari lake, anahitaji mkataba wake mwenyewe. Kadhalika, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, humfidia mtu aliyeumia kutokana na kazi yake. Hauhusiki na ajali ya siku ya mapumziko, akiwa na familia yake njiani kuelekea harusini.

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamtaka mwenye gari litembealo barabarani awe na bima ya madhara kwa mtu wa tatu, ambayo wengi huiita bima ndogo. Kwa gari binafsi tumezoea kulipa shilingi 118,000 kwa mwaka, yaani 100,000 za bima na 18,000 za VAT. Bima hii humlipa uliyemgonga. Haitengenezi gari lako, wala haikutibu wewe. Anayetaka gari lake nalo likingwe huchukua bima kubwa, iliyozoeleka kukokotolewa kwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Gari la shilingi milioni 10 litalipiwa 350,000, na ukiongeza VAT ni 413,000.

Mtihani uko katika fomu ya maombi. Fomu humuuliza mwombaji kazi yake, matumizi ya gari, nani mwingine ataliendesha, na kama amewahi kupata ajali. Mara nyingi dereva humwachia wakala ajaze. Wakala huandika "mfanyabiashara", "matumizi binafsi" na "hakuna ajali", kisha dereva hutia saini bila kusoma. Ajali aliyoipata na basi haitajwi, kwa hoja kwamba gari lile halikuwa lake. Lakini swali likimuuliza mwombaji kuhusu ajali zake, haliulizi gari lilikuwa la nani.

Kubwa zaidi ni matumizi. Siku ambayo basi limelala gereji, au zamu ni ya mwenzake, gari lile la namba ya njano hugeuka teksi bubu na kubeba abiria kwa nauli. Bima ya matumizi binafsi haikuandikwa kwa kazi hiyo. Ajali ikitokea, kampuni inaweza kuyakataa madai, na hata pale inapolazimika kumlipa aliyedhurika, inaweza kumgeukia dereva na kumdai ilicholipa. Majeruhi anabaki akisubiri haki yake, familia ya dereva inauza kiwanja, na leseni, ambayo ndiyo jembe la mtu huyu, inaingia shakani.

Imam Muslim amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono wake ndani ya rundo la chakula, vidole vyake vikakuta unyevu. Muuzaji akaeleza kuwa kilinyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Hadithi hii tumezoea kuwasomea wauzaji. Katika bima, anayejua kilichomo chini ya rundo ni mnunuzi, kwani yeye ndiye mwenye habari za gari na za nafsi yake. Akificha, ameghushi kama muuzaji yule.

Huenda ndugu yangu ukasema: bima yenyewe ina utata kisheria, basi ukweli wa nini? Ni kweli kwamba Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1985, liliona kuwa bima ya kibiashara yenye malipo maalumu ina gharar kubwa, likaelekeza kwenye bima ya ushirikiano, ndiyo takaful. Jirani zetu wa Kenya wana kampuni ya takaful tangu mwaka 2011, na hapa nchini nako huduma hiyo imeanza kupatikana chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Anayeweza kuifikia, aitangulize. Asiyeweza, naye analazimishwa na sheria, amuulize sheikh wake mipaka ya udhuru wake. Lakini udhuru wa kuingia katika mkataba hauwi ruhusa ya kusema uongo ndani yake. Surat al-Maida inafunguka kwa kuwaamrisha waumini kutimiza mikataba.

Basi, ndugu dereva, jaza fomu kwa mkono wako, au usomewe kila jibu kabla ya kutia saini. Andika kuwa wewe ni dereva wa basi. Malipo huangalia zaidi thamani na matumizi ya gari, hivyo kuificha kazi yako ya halali hakukuletei faida. Taja ajali uliyoulizwa. Ukitaka kubeba abiria, badili usajili uwe wa biashara, pata leseni ya LATRA na ukate bima inayolingana na kazi hiyo. Hakiki stika yako katika mfumo wa TIRA, kwani stika za kughushi zipo. Na mkeo ajue nyaraka zilipo, maana siku ya ajali huenda wewe usiweze kusema.

Kamati za misikiti hupokea maombi ya michango kila baada ya msiba wa barabarani, na kuchangiana ni wema tusiouacha. Lakini mchango wa Ijumaa moja haumtoshi aliyekatwa mguu, wala hauwasomeshi mayatima hadi wakue. Haki yao iliwekewa njia katika karatasi ile uliyoitia saini, na ukweli wako ndio utakaoifanya iwafikie.

Mwenyezi Mungu awalinde madereva wetu na abiria wao. Wabillahi tawfiq.