Mtumbwi Wetu Usiwekwe Langoni

Wanafunzi wenzangu wa zamani wameleta shauri kwamba ule mtumbwi wa shule, ambao umelala nyuma ya karakana miaka mingi, upakwe rangi, ujengewe nguzo mbili za saruji na paa la mabati, kisha uwekwe langoni ili kila mgeni aingiaye auone. Nimeletewa karatasi ya mchango, na jina langu limekwisha kuandikwa juu yake. Nasema waziwazi kwamba sitatoa hata shilingi. Napenda kueleza sababu, maana mmoja wa wanakamati anasema kuwa mimi ndiye niliyeleta wazo hilo. Ati nalipowasimulia habari za maonyesho ya vyombo vya mbao niliyoyaona Marekani, wao walielewa kwamba chombo cha kale ni kitu cha kutazamwa. Kama ndivyo, basi nalisimulia vibaya. Na nirudie.

Mji wenyewe waitwa Port Townsend. Uko kaskazini-magharibi mwa Marekani, katika jimbo la Washington, mahali ambapo bahari imeingia ndani ya nchi kwa mikono mingi. Maonyesho hayo yalianza mwaka 1977, na hufanywa mwezi wa Septemba. Ni wakati wa ugonjwa wa korona tu ndipo watu hawakukusanyika. Huja vyombo zaidi ya 300, vidogo vya makasia na vikubwa vya milingoti miwili, vyote vya mbao. Mimi nalikuwa masomoni Seattle, na mwaka 2019 nikavuka kwa feri, nikapanda basi, nikafika asubuhi.

Siku ya kwanza naliipoteza. Nalitembea gatini mikono nyuma, kama mtu aliyealikwa kwenye jumba la makumbusho, nikisifu vanishi. Ilikuwako ya kusifiwa! Palikuwa na mashua moja ambayo vanishi yake peke yake, nadhani, ingelipa karo ya darasa zima hapa kwetu. Nikasema moyoni kwamba haya ni mambo ya matajiri, na ningalirudi Seattle jioni ile kama si mama mmoja mzee aliyekuwa amekaa katika mashua yake, isiyopendeza hata kidogo, akimenya viazi. Akaniuliza mbona napita kama niko mazishini. Akaniambia nivue viatu nipande.

Kuvua viatu ni adabu ya huko, kama tunavyovua tukiingia msikitini, maana kokoto moja chini ya kiatu huharibu sitaha. Nikapanda. Yule mama hakunionyesha vanishi. Aliinua ubao wa sakafu, akanionyesha maji kidogo yaliyokuwa chini yake, karibu na mkuku, yaani ule uti wa mgongo wa chombo. Nikamwuliza kama hilo si jambo la hatari. Akacheka, akasema kwamba mashua ya mbao isiyovuja hata tone haikosi iko juu ya nchi kavu. Kisha akanipa kitambaa na kopo nikamtolea maji hayo, naye akaendelea na viazi vyake.

Tangu hapo nalijua namna ya kutembelea maonyesho kama yale, na wanafunzi mtakaopata bahati ya kwenda popote pale yafaa mjue. Usiulize chombo kina umri gani. Umri umeandikwa kwenye kibao. Uliza nani alikitengeneza mara ya mwisho, na nani atakitengeneza mwakani. Tazama mahali palipowekwa ubao mpya karibu na ubao wa kale. Chungulia chini ya sakafu, unuse. Na kama mwenyewe yumo anafanya kazi, omba kazi.

Nalipouliza hivyo, mji wote ulinifungukia. Kuna chombo kimoja cha milingoti miwili, Adventuress, kilichojengwa mwaka 1913, urefu wake futi 133. Tajiri mmoja alikijenga kwa safari ya kuwinda kaskazini kwenye barafu. Baadaye kilitumika karibu miaka 40 kuwapeleka marubani kwenye meli zilizokuwa zikingojea kuingia bandari ya San Francisco. Leo kinachukua watoto wa shule. Si kukizuru tu: wao ndio wanaovuta kamba za tanga, kwa pamoja na kwa sauti, maana tanga kubwa halipandi kwa mtu mmoja.

Si mbali na hapo, Port Hadlock, kuna chuo kilichofunguliwa mwaka 1981 kufundisha ujenzi wa vyombo vya mbao. Na katika mji wenyewe kuna chama cha ushirika cha mafundi, kinachomilikiwa na mafundi wenyewe. Ndio waliokuwa wakiitengeneza Western Flyer, mashua ya uvuvi iliyojengwa Tacoma mwaka 1937, ambayo mwandishi John Steinbeck aliisafiria mwaka 1940 pamoja na rafiki yake Ed Ricketts, mtaalamu wa viumbe vya baharini. Mashua hiyo ilizama mara zaidi ya moja. Ilipoinuliwa ilikuwa matope matupu. Mtu angeweza kuiosha, akaiweka katika uwanja wa mji fulani, akatoza kiingilio. Badala yake wakabadili mbao zilizooza moja baada ya moja, na mwaka 2022 wakaishusha tena majini. Wako wasemao kwamba mashua iliyobadiliwa mbao nyingi kiasi hicho si ile ya Steinbeck. Mimi najibu kwamba vijana waliozichonga mbao hizo sasa wanajua kujenga mashua, na hicho ndicho kitu ambacho hakiwezi kununuliwa.

Nao mfano wa upande wa pili uko Oman. Mwaka 1980 kilijengwa huko Sur chombo kiitwacho Sohar, kwa jinsi ya kale kabisa, bila msumari katika mbao zake. Mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, kama mitepe ya Lamu ilivyokuwa ikishonwa. Kikatoka Muscat mwezi wa Novemba, nahodha wake Mwingereza Tim Severin, na Julai mwaka 1981 kikafika Canton, China. Kazi kubwa, na heshima kwa waliosafiri. Lakini sikilizeni jambo hili: walipotaka washonaji, iliwabidi kuwaleta wengine kutoka visiwa vya Lakshadweep, India. Na Sohar yenyewe leo iko Muscat juu ya nchi kavu, katikati ya mzunguko wa barabara, magari yakiizunguka mchana na usiku. Nimeziona picha zake. Inapendeza sana. Lakini hakuna mtoto awezaye kujifunza kushona ubao kwa kuizunguka ndani ya gari.

Mwanakamati yule aliponijibu alisema kwamba hata Wamarekani wanaweka vyombo katika majumba ya makumbusho. Ni kweli. Nafikiri alikuwa na maana ya Charles W. Morgan, merikebu ya kuwinda nyangumi, iliyojengwa New Bedford mwaka 1841, ikafanya safari 37 hadi mwaka 1921, na tangu mwaka 1941 iko kwenye makumbusho ya Mystic, Connecticut. Kwa miaka mingi merikebu hiyo ilisimama imezungukwa na mchanga kwa makusudi, isisogee. Lakini na amalize hadithi. Baadaye waliirudisha majini. Mwaka 2008 wakaipandisha wakaanza kuitengeneza, na kazi ikachukua karibu miaka mitano. Na mwaka 2014, merikebu ya miaka 173, ikapandisha matanga ikafanya safari yake ya 38. Hao ndio watu wa makumbusho! Basi kama twataka kuwaiga, tuwaige hadi mwisho.

Sasa nirudi kwetu. Mtumbwi wetu ni wa namna ya Sese. Zamani mitumbwi hiyo ilishonwa kwa nyuzi za mwale. Gogo la chini lilichongwa kuwa mkuku, likatokeza mbele kama pembe, na mbao zikapandishwa juu yake pande mbili. Stanley alipofika Buganda mwaka 1875 aliikuta ikiwa na jeshi zima la mitumbwi hiyo. Wa kwetu umepigwa misumari, lakini umbo ni lile lile, na mti wake ni mvule. Fundi aliyeujenga alikuwa mtu wa visiwani. Alikuwa akija kila likizo kuukalafati, yaani kutia pamba katika viungo vyake, na alituita sote "wanangu" huku akitupiga kwa mpini wa patasi tukikanyaga mbao zake.

Nami sitaficha kwamba mtumbwi huo uliwekwa kando kwa sababu yetu. Nalikuwa kidato cha tatu. Tulipanda wanane katika chombo cha watu watano, bila ruhusa, bila jaketi la kuokolea hata moja, na ufa uliokuwa karibu na omo tuliuziba kwa sabuni ya kufulia. Tulipinduka hatua kama mia kutoka ufukoni. Mmoja wetu alivutwa hadi nchi kavu kwa ukosi wa shati. Mwalimu mkuu wa wakati ule akapiga marufuku, na ningekuwa mimi ningefanya vile vile. Ziwa hili limeua watu wengi, na mzazi aliyemleta mtoto wake kusoma hakumleta azame.

Lakini marufuku ya safari ilikuwa pia marufuku ya matengenezo, na hapo ndipo tulipokosea. Ubao ukikauka hunywea na viungo vyake hufunguka. Ukiwa majini hufura na viungo hujifunga. Mtumbwi uliokaa pwani kwa muda, ukishushwa, siku ya kwanza huvuja kama kikapu, na baada ya siku mbili hutulia. Adui yake mkubwa si ziwa.  Adui ni maji ya mvua yaliyotuama ndani kwenye pembe za mataruma, mahali hewa isipopita. Kuvu huingia, mti ukaoza kwa ndani. Na mkiuweka juu ya nguzo za saruji chini ya mabati ya moto, hamtauokoa, mtaukausha hadi upasuke, kisha mtauziba kwa saruji na rangi, na wageni watasema, "Tazama, mzuri!"

Mwezi uliopita nalikwenda kuutazama. Nalichoma kwa kisu mahali pengi. Mkuku ni mzima, kisu hakiingii. Mbao mbili za upande wa kushoto zimeoza, na mataruma matatu. Haya si mambo ya kutisha. Ukishuka Ggaba au Kasenyi asubuhi utawakuta mafundi wanaofanya kazi kubwa kuliko hiyo kabla ya chakula cha mchana, wala hakuna anayewalipia kiingilio kuwatazama. Na mwenye nauli ya kufika Lamu aende Matondoni, akaone majahazi yanavyojengwa.

Shauri langu ni hili. Fedha za saruji zinunue mbao, misumari na majaketi ya kuokolea. Wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu, kwa hiari yao, wafanye kazi hiyo katika karakana chini ya fundi wa kulipwa, na mwalimu wa useremala awe mwangalizi. Utakaposhushwa usiende mbali. Uzungushwe karibu na ufuko, watu watano na si zaidi, kila mmoja akiwa na jaketi na awe amethibitishwa kwamba ajua kuogelea. Siku ya wazazi ufungwe gatini, wageni wavue viatu, wapande. Hayo ndiyo maonyesho. Mzazi akiuliza nani alitia ule ubao mweupe upande wa kushoto, aje mtoto aseme, "Ni mimi."

Najua nitaambiwa kwamba mtumbwi utachakaa. Utachakaa, naam. Na baada ya miaka kumi utataka mbao nyingine mbili, na watakuwako watu humu shuleni wajuao kuzitia.

Kamati yakutana Jumamosi ya kwanza ya muhula ujao. Nitakuja. Fundi mmoja wa Kasenyi, ambaye babu yake alimjua fundi wetu, amekubali kuja nami aukague, na ameomba kwamba mtu yeyote asiupake rangi kabla hajaugonga.