Jibu chanya si ugonjwa

Leo tuweke programu kando, tuzungumzie farasi. Usicheke kwanza, utaona inavyotuhusu sisi watu wa kompyuta.

Binamu yangu anatunza farasi huko Kentucky, Marekani. Alinipigia simu akiwa na huzuni. Farasi mmoja alikuwa akiyumba kama mlevi, miguu yote miwili ya nyuma. Damu ikapelekwa maabara, jibu likarudi: chanya. Mwenye farasi akasema auawe tu. Binamu akaniuliza, "Wewe wa mashine, hiyo chanya maana yake nini hasa?"

Ugonjwa waliomshuku nao unaitwa EPM. Unaletwa na protozoa, jamaa wa mbali wa vimelea vya malaria, wanaoshambulia ubongo na uti wa mgongo. Mara nyingi ni Sarcocystis neurona. Mara chache ni Neospora hughesi, aliyetambuliwa mwaka 1998. Neurona husambazwa na oposamu, mnyama wa bara la Amerika mwenye mfuko kama kangaruu. Kinyesi chake kikiingia kwenye nyasi au maji, farasi humeza kimelea.

Sasa sikiliza. Kipimo cha damu hakitafuti kimelea, kinatafuta kingamwili. Kingamwili ni kama kumbukumbu za seva: zinakuambia mtu fulani aliwahi kubisha hodi, hazikuambii kama aliiba. Farasi wengi sana Marekani wana kingamwili hizo na ni wazima. Wanaougua hawafiki 1%.

Chukua mfano wangu wa kubuni. Farasi 1,000, wenye kingamwili 500, wagonjwa 5. Ukipima wote, kila majibu 100 chanya yana mgonjwa mmoja. Ukiandika programu inayochapisha "ANA EPM" kwa kila chanya, umeandika programu ya kuua farasi wazima.

Hata wataalamu waliwahi kuteleza. Kimelea kilipewa jina mwaka 1991. Mwaka 1995 wengine wakasema ndicho kile kile Sarcocystis falcatula cha ndege, kwa kuwa jeni waliyoilinganisha ilifanana mno. Baadaye farasi wakalishwa falcatula, hawakuambukizwa. Ni sawa na kusoma mistari michache ya kodi ukatangaza programu mbili ni moja.

Basi ifanyweje? Kwanza daktari amkague farasi: EPM hupenda kuonyesha upande mmoja kuliko mwingine, na misuli kusinyaa. Pili aondoe magonjwa mengine. Tatu apime damu pamoja na maji ya uti wa mgongo, alinganishe. Kingamwili zikiwa nyingi kwenye maji hayo kupita zile zinazoweza kupenya kutoka kwenye damu, basi zinatengenezwa humo humo ndani, na hapo shaka inapungua. Uhakika kamili hupatikana farasi akishakufa, kimelea kikionekana kwenye ubongo au uti.

Najua watasema kutoboa uti ni ghali na kuna hatari. Kweli. Lakini kukosea nako kuna bei. EPM haiambukizi kutoka farasi hadi farasi. Virusi vya herpes vya farasi, ambavyo pia huleta kuyumba, vinaambukiza. Ukibandika jina lisilo sahihi, zizi zima linaweza kuugua. Na EPM yenyewe ina dawa: ponazuril iliidhinishwa Marekani mwaka 2001.

Sisi Wakenya tunalijua jambo hili. Ni wangapi wamemezeshwa dawa za malaria kwa kuwa tu walikuwa na homa?

Farasi wa binamu alipigwa eksirei. Mifupa ya shingo ilikuwa inabana uti. Hakuwa na EPM kabisa, ingawa damu ilisema chanya. Anatibiwa.

Kwa hiyo wenzangu mnaoandika programu za maabara, nawasihi: skrini iseme "kingamwili zimepatikana", ikome hapo. Kutaja ugonjwa ni kazi ya daktari aliyemwona mgonjwa.

Haya, tuonane wiki ijayo.